Mabingwa Waliouzwa: Kifo cha Kentucky Colonels na Suala la Umiliki wa Klabu Lubumbashi

Tarehe 22 Mei 1975, katika ukumbi wa Freedom Hall mjini Louisville, jimbo la Kentucky, Marekani, timu ya mpira wa kikapu ya Kentucky Colonels iliifunga Indiana Pacers pointi 110 kwa 105 na kutwaa ubingwa wa American Basketball Association, ligi iliyojulikana kwa kifupi kama ABA. Artis Gilmore, jitu la futi 7 na inchi 2, alifunga pointi 28 na kudaka ribaundi 31 usiku huo. Haikupita hata miezi 13, klabu hiyo ikawa haipo. Mahakama haikuitangaza muflisi, wala mashabiki hawakuikimbia. Mwenye klabu alilipwa dola milioni 3 aifunge, akaifunga.

Makala haya yanaisoma historia hiyo kutoka Lubumbashi, mji wa Katanga nchini Kongo, na yana dai moja. Uhai wa klabu unategemea maandishi kuliko unavyotegemea vikombe au mapenzi ya watu: maandishi yanayosema klabu ni ya nani, nani ana mamlaka ya kuiuza, na mchezaji aliyelelewa humo akiondoka nani atalipwa. Colonels walikufa kwa sababu maandishi hayo yote yalikuwa mkononi mwa mtu mmoja. Klabu nyingi za Katanga zina maradhi mengine: maandishi yao yamelala kabatini na hakuna anayeyatii. Ndiyo maana Colonels wana tarehe ya kifo, bei na sahihi, ilhali klabu zetu hufifia msimu baada ya msimu mpaka watu wazoee kutokuwepo kwao.

Msomaji atauliza Kentucky inatuhusu nini. Inatuhusu kwa njia zaidi ya moja. Freedom Hall ndipo Muhammad Ali, mtoto wa Louisville, alipopigana pambano lake la kwanza la kulipwa, tarehe 29 Oktoba 1960, miaka 14 kabla ya kumwangusha George Foreman mjini Kinshasa. Oscar Tshiebwe, aliyezaliwa Lubumbashi mwaka 1999, aliichezea timu ya Chuo Kikuu cha Kentucky, na mwaka 2022 akachaguliwa mchezaji bora wa vyuo vya Marekani. Tena katika miji ya Louisville na Lexington leo kuna familia nyingi za wakimbizi kutoka Kongo, na Kiswahili kinasikika shuleni na makanisani. Mkongomani akihamia Kentucky anakuta jimbo linaloupenda mpira wa kikapu kuliko mchezo mwingine wowote, ila halijawa na timu katika ligi kuu ya kulipwa tangu mwaka 1976. Hali hiyo ina historia yake.

ABA ilianza mwaka 1967 kwa lengo la kushindana na NBA, ligi kuu ya mchezo huo Marekani, na wengi wa waliotia fedha zao walitarajia kwamba siku moja ligi kubwa italazimika kuwapokea. Ilitumia mpira wa rangi tatu, nyekundu, nyeupe na bluu, na ikahesabu pointi tatu kwa mtupo wa mbali, kanuni ambayo NBA haikuipokea hadi msimu wa 1979–80. Colonels walikuwa miongoni mwa waanzilishi. Miaka yao ya mwanzo ilitawaliwa na vituko. Novemba 1968 walimsajili Penny Ann Early, mwanamke mpanda farasi wa mashindano, wakamwingiza uwanjani kwa sekunde chache tu ili ageuke habari magazetini: alirusha mpira kutoka pembeni, muda wa mapumziko ukaombwa, akatolewa. Early mwenyewe alikuwa akipigania haki ya wanawake kushindana katika mbio za farasi, na wanaume walikuwa wakigoma kukimbia naye. Klabu iliyauza mapambano yake kama kiingilio cha mlangoni. Inasikitisha, na inaonyesha mapema kwamba uongozi ulimtazama mtu kama kitu cha kuvutia tiketi.

Timu yenyewe ilikuja kuwa kubwa kweli. Mwaka 1969 kundi la wafanyabiashara wa Louisville liliinunua, na mwaka uliofuata ikahamia Freedom Hall. Louie Dampier alikuwapo tangu siku ya kwanza na hakuihama mpaka mwisho. Alimaliza akiwa mfungaji bora wa historia nzima ya ABA, kwa pointi 13,726. Dan Issel aliingia mwaka 1970 akitoka Chuo Kikuu cha Kentucky. Gilmore alifika 1971. Msimu wa 1971–72 walishinda michezo 68 na kupoteza 16, rekodi ambayo hakuna timu nyingine ya ABA iliyoifikia, kisha wakatolewa na New York Nets katika raundi ya kwanza ya mtoano. Walipoteza fainali mbili kwa mchezo wa saba, dhidi ya Utah Stars mwaka 1971 na dhidi ya Pacers mwaka 1973. Louisville iliishi na maumivu hayo kwa miaka, na pengine ndiyo yaliyoifunga timu moyoni mwa mji kuliko ushindi ambao ungepatikana kirahisi.

Mwaka 1973 wenye hisa walitaka kuuza, na kulikuwa na hofu ya kweli kwamba timu ingehamishiwa Cincinnati. John Y. Brown, aliyetajirika kwa biashara ya kuku wa Kentucky Fried Chicken, akainunua na kuibakiza mjini. Alimkabidhi mkewe, Ellie, uenyekiti wa bodi iliyojaa wanawake, jambo lililokuwa geni kabisa katika michezo ya kulipwa. Kocha Hubie Brown alipokuja mwaka 1974, kila kitu kilikaa mahali pake: ushindi 58, kisha ubingwa. Mwenye klabu akawaalika mabingwa wa NBA, Golden State Warriors, wacheze kwa dau la dola milioni moja. NBA ikakataa.

Kwa watu wa Louisville, Brown alikuwa mwokozi, na sifa hiyo ilikuwa na haki yake. Lakini wokovu wa 1973 ulihamisha mali kutoka kundi la wanahisa hadi kwa mtu mmoja. Wakati ule hakuna aliyeliona hilo kama tatizo, kwani mtu huyo alikuwa mkarimu, alikuwa mwenyeji na alikuwa akishinda. Mfadhili mwema ndiye anayeufanya mji usiulize maswali.

Majira ya joto ya 1975, kabla furaha ya ubingwa haijapoa, Brown alimuuza Issel kwa klabu ya Baltimore, akieleza kwamba anapata hasara. Baltimore walishindwa kulipa, Issel akaishia Denver, na klabu hiyo ya Baltimore ikafa hata kabla msimu haujaanza. Mashabiki wengi hawakumsamehe Brown. Naona siku hiyo ndiyo mwisho wa Colonels, hata kama walicheza msimu mmoja zaidi na kuifikisha Denver mchezo wa saba wa nusu fainali. Mwenye mali alikuwa ameonyesha kwamba anaihesabu timu mchezaji kwa mchezaji, kila mmoja na bei yake.

Makubaliano ya kuunganisha ligi yalifikiwa tarehe 17 Juni 1976. Njia ilifunguka baada ya kumalizwa kwa kesi aliyofungua Oscar Robertson mwaka 1970, ambapo wachezaji walipinga muungano kwa hoja kwamba ligi moja tu ingewanyima nafasi ya kuchagua mwajiri. ABA ilibakiwa na timu sita. Nne zilipokewa NBA, kila moja kwa ada ya dola milioni 3.2: Denver Nuggets, Indiana Pacers, New York Nets na San Antonio Spurs. Mbili ziliachwa. Spurs hawakuwahi hata kufika fainali ya ABA. Colonels walikuwa mabingwa wa mwaka uliotangulia na walikuwa na mashabiki wengi kuliko timu nyingi za ligi hiyo. Chicago Bulls wa NBA, waliomteua Gilmore mwaka 1971 na kuamini wana haki juu yake, walikuwa na kila sababu ya kutamani Colonels wavunjwe. Na kweli, klabu ilipovunjwa, Gilmore alikwenda Chicago kwa dola milioni 1.1. Maurice Lucas alikwenda Portland na mwaka uliofuata akawa bingwa wa NBA. Dampier alikwenda San Antonio.

Brown alichukua dola milioni 3 zake, na kwa milioni 1.5 akanunua nusu ya klabu nyingine, Buffalo Braves ya NBA. Hapo ndipo suala la umiliki linapojieleza bila msaada wa nadharia. Nusu ya thamani ya kufa kwa timu ya Louisville ilitumika kumpa mtu huyohuyo kiti katika ligi ambayo Louisville ilifungiwa. Mwaka 1979 alichaguliwa gavana wa Kentucky.

Klabu ya pili iliyoachwa, Spirits of St. Louis, ilifungwa kwa njia nyingine, na tofauti hiyo ndiyo somo zito zaidi la mwaka 1976. Wamiliki wake, ndugu Ozzie na Daniel Silna, walikubali dola milioni 2.2 taslimu pamoja na sehemu moja ya saba ya mapato ya televisheni ya kila moja ya timu nne zilizopokewa, kwa muda wote ambao NBA ingeendelea kuwepo. Wakati ule fedha za televisheni zilikuwa kidogo, na wengi waliona wamepewa karatasi tupu. Kufikia mwaka 2014 karatasi hiyo ilikuwa imewalipa takriban dola milioni 300, na NBA ikakubali kuwapa nyingine milioni 500 ili kuikata sehemu kubwa ya dai hilo. Timu iliyoishi misimu miwili tu St. Louis iliendelea kulipwa kwa karibu miaka 40 bila kurusha mpira hata mmoja.

Wengi huisimulia habari ya akina Silna kama hadithi ya ujanja. Naiona kwa jicho jingine. Inathibitisha kwamba klabu ina thamani isiyo uwanjani, thamani inayoweza kuandikwa, kudaiwa na kurithiwa. Ila hata huko, fedha hizo hazikuifikia St. Louis. Zilikwenda kwa familia. Miji yote miwili, Louisville na St. Louis, ilitoa kumbi, watazamaji, watoto wa kuokota mipira na majina yake, na katika mikataba ya Juni 1976 haikuwa upande wa tatu.

Mji unaweza kuwa upande wa tatu. Pacers, walioshindwa na Colonels mwaka 1975, waliingia NBA wakiwa hoi kifedha. Julai 1977 Indianapolis ilifanya harambee ya televisheni ya saa 16 kuuza tiketi za msimu. Zilihitajika 8,000, zikauzwa 8,028, na klabu ikabaki. Mfano ulio thabiti zaidi uko katika mchezo mwingine, kandanda ya Kimarekani: Green Bay Packers, klabu ya mji wa watu laki moja na kidogo, inamilikiwa na wanahisa wa kawaida tangu mwaka 1923. Hisa zao hazitoi gawio, na katiba inaagiza kwamba klabu ikiuzwa fedha ziende kwenye shughuli za hisani. Kwa hiyo hakuna mtu ambaye kuuza kwake kungemtajirisha. Klabu hiyo haijahama kwa zaidi ya karne moja katika nchi ambako timu huhamahama.

Sasa turudi Lubumbashi. Michezo ya mji huu ilikulia kivulini mwa mwajiri na mmisionari. Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906, iliwajengea wafanyakazi kambi, shule, hospitali na viwanja, ikaamini kwamba mfanyakazi anayecheza Jumapili atafika kazini Jumatatu. Katika soka, FC Saint-Éloi Lupopo bado wanaitwa Cheminots, jina linalowakumbusha watu wa reli. Tout Puissant Mazembe walizaliwa mwaka 1939 chini ya wamisionari Wabenediktini, na baadaye wakabeba jina la Englebert, kampuni ya matairi. Baada ya Union Minière kutaifishwa mwaka 1967, kampuni ya serikali ya Gécamines ilirithi migodi pamoja na desturi ya kulea kila kitu kilichoizunguka. Miaka ya 1980 ilizalisha zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Katikati ya miaka ya 1990 zilikuwa chini ya 40,000. Mwajiri aliyelipa mwalimu, daktari na kocha kwa mfuko mmoja alipoanguka, vyote vilianguka kwa pamoja.

Aliyechukua nafasi ya mwajiri ni mtu binafsi mwenye uwezo: mfanyabiashara, mwanasiasa au vyote viwili. Sisemi hili kwa kumdharau. Moïse Katumbi amekuwa rais wa Mazembe tangu 1997, na chini yake klabu ilitwaa ubingwa wa Afrika mwaka 2009, 2010 na 2015, ikacheza fainali ya dunia dhidi ya Inter Milan, ikajenga uwanja wake Kamalondo. Jina la Mazembe liliwahi kubebwa pia na timu ya mpira wa kikapu iliyofika mashindano ya klabu bingwa ya Afrika. Lakini Basketball Africa League, iliyoanza Kigali mwaka 2021, ilipopata mwakilishi wa Kongo msimu wa 2022, waliokwenda Cairo kwa jina la Lubumbashi ni Espoir Fukash. Mji mmoja ukabadilisha mwakilishi, na maswali ya msingi yakabaki yaleyale: wachezaji wa kikosi kilichotangulia walikuwa na mikataba gani, picha na takwimu zao zimehifadhiwa wapi, nani ana haki ya kulitumia jina?

Kisheria tumepewa msingi mzuri kuliko Louisville. Klabu zetu kwa kawaida ni mashirika yasiyo ya faida, yanayoongozwa na sheria namba 004/2001 ya tarehe 20 Julai 2001. Chini yake rais wa klabu hawezi kufanya alichofanya John Y. Brown, kwa sababu mali ni ya shirika na wanachama hawagawiwi faida. Hata hivyo shirika lisilo na michango ya wanachama, lisilofanya mkutano mkuu, ambalo basi, jezi, posho na nauli ya ndege hutoka mfukoni mwa mtu mmoja, ni mali ya mtu huyo kwa kila hali isipokuwa jina. Hahitaji kuliuza. Akiacha kutoa, limekwisha, na hakuna hata dola tatu za kugombania. Wahenga walishasema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Hasara inaonekana wazi tukimfuata mchezaji. Bismack Biyombo alizaliwa Lubumbashi mwaka 1992. Aliondoka akiwa kijana mdogo, akaonekana na kocha Mreno Mario Palma, akapelekwa Hispania katika klabu ya Fuenlabrada. Aprili 2011, katika mchezo wa vijana wa Nike Hoop Summit, alipata pointi 12, ribaundi 11 na kuzuia mitupo 10. Miezi miwili baadaye aliteuliwa wa saba katika NBA, na haki zake zikaenda Charlotte. Palitokea mvutano kuhusu fedha za kuvunja mkataba, na mvutano huo ulikuwa na Fuenlabrada. Waliokuwa naye kwa muda mfupi walikuwa na karatasi ya kudai.

Katika soka, tangu mwaka 2001, FIFA inazitaka klabu zinazonunua zitenge asilimia 5 ya bei ya uhamisho kwa klabu zilizomlea mchezaji tangu umri wa miaka 12 hadi 23. Masharti yake ni usajili unaothibitishwa. Njia ya chuo cha Marekani hadi NBA haina malipo kama hayo kwa mlezi wa kwanza, na hapo wakuu wa mpira wa kikapu wa Afrika wana kazi ya kudai. Watadai kwa hoja gani ikiwa klabu ya Kampemba au Kenya, manispaa za mji wetu, haiwezi kuonyesha daftari kwamba mtoto fulani alifundishwa kwao kuanzia mwaka fulani?

Yapo mapingamizi mawili ninayoyaheshimu. La kwanza ni kwamba Colonels walikuwa na mikataba iliyopigwa mihuri yote na bado wakafa. Ni kweli, na ndiyo sababu nazungumzia umiliki kwanza: mkataba unamlinda aliyetajwa ndani yake. La pili ni zito zaidi. Mwanachama wa Lubumbashi anayehesabu franka za kununua unga hawezi kuibeba klabu kwa michango, na kumkosoa mfadhili ni kumfukuza. Hata Pacers walinusurika kwa watu wenye kipato cha kununua tiketi ya msimu mzima. Jibu langu ni kwamba sitaki mfadhili aondoke. Nataka fedha zake ziingie kama mchango ulioandikwa, zikiwa na masharti mawili au matatu: kiwanja kisajiliwe kwa jina la shirika, jina na nembo visihame na mtu, na mfadhili akitaka kupumzika atoe taarifa ya msimu mmoja. Mfadhili anayeipenda timu hapotezi chochote kwa masharti hayo. Real Madrid na Barcelona, ambazo ni mali ya wanachama, zimebeba timu zao za mpira wa kikapu kwa miongo mingi kwa msaada wa mapato ya soka, na rais akishindwa uchaguzi timu haiondoki naye. Ndicho ambacho klabu kubwa ya soka ya Katanga ingeweza kuufanyia mchezo huu kwa kudumu.

Anayedhani mambo ya namna hii ni mageni kwetu aangalie Kasomeno, njia panda ambako barabara ya Kasenga inaachana na ile ya Pweto. Hapo ndipo unapoanzia mradi wa barabara ya kulipia hadi Mwenda, Zambia, pamoja na daraja juu ya Luapula, ili mizigo ya shaba ifike Dar es Salaam kwa njia fupi kuliko ya Kasumbalesa. Serikali mbili na mwekezaji walikaa wakaandika nani anajenga, nani anatoza ushuru, na baada ya muda gani barabara inarudi kwa umma. Hakuna aliyesema kwamba kuandika ni kumvunjia mwekezaji heshima. Kijana wa Kasomeno anayepanda lori kwenda kujaribu bahati yake katika timu ya Lubumbashi anaiacha nyuma yake barabara yenye mkataba na kuelekea klabu isiyo nao, na kazi ya kuuandika ni ya mkutano mkuu ambao sheria ya 2001 tayari inautaka ufanyike.